Mwiko wa Meno ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Rumonge kukaa wiki tatu, akakaa miezi saba, na kosa lilikuwa langu.

Nianze na meno yake. Alikuwa amepita miaka sitini na hakuwa na pengo hata moja. Muwa alikuwa anaumenya kwa meno, mfupa wa kuku alikuwa anausaga mpaka mbwa wanakata tamaa, na kwenye harusi, wanaume wakiwa bado wanatafuta kifungulio, yeye alikuwa ameshazifungua soda za meza nzima. Ukimsifu kwa watoto wanane aliowalea, au kwa shamba lake la muhogo kule Muhuta, alikuwa anaitikia tu kwa adabu. Ukimsifu kwa meno, alikuwa anacheka ili uyaone tena.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mkoa wa Kigoma, nikarudi Burundi nikiwa msichana mkubwa na Kiswahili changu ambacho wenzangu wa sokoni wanakiita cha redio. Wazazi wangu wamezikwa huko. Upande huu wa mpaka, ukoo wangu mzima ulikuwa mimi na cherehani yangu. Hilo nalisema mapema kwa sababu bila hilo uongo wangu usingesimama hata siku moja. Sisi tuliorudi tulikuwa tunaaminika kwa lolote. Mwenzangu mmoja aliwaambia majirani kwamba huko tulikotoka mwanamume ndiye anayefagia uwanja siku ya Jumapili, na mume wake akafagia mwaka mzima.

Nilipokuwa na mimba ya miezi minne nilikwenda sante, ndivyo tunavyokiita kituo cha afya, nikapimwa kama wanavyopimwa wajawazito wote, na muuguzi akaniambia nina virusi vya ukimwi. Nilimgombeza. Nilimwambia arudie, na safari hii atumie damu yangu, si ya mtu mwingine. Akarudia mbele ya macho yangu bila kununa, na majibu yakawa yale yale. Wiki iliyofuata nilimpeleka mume wangu. Yeye hakuwa navyo.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole sana, na hajui kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Siku ile nilimngoja afungashe nguo zake. Alikaa kitandani, akavua viatu, akauliza kama vidonge vyangu vinanywewa kabla ya chakula au baada. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi yetu.

Muuguzi alitueleza wote wawili kwa utulivu. Nikimeza vidonge kila siku bila kuruka, mtoto akizaliwa apewe dawa yake ya maji wiki za mwanzo, na anyonye titi peke yake miezi sita, basi kuna matumaini makubwa atakuwa mzima. Lile neno "peke yake" alilirudia mara tatu.

"Si maji, si uji, si asali, si mawese. Hata kijiko kimoja. Tumbo la mtoto mchanga ni laini, vitu vingine vinamkwaruza ndani, na hapo virusi vinaweza kupata mlango."

Nikasema hilo ni jambo rahisi. Muuguzi aliacha kuandika.

"Mama mkwe yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi si rahisi," akasema, akaendelea kuandika.

Tulikubaliana na mume wangu kwamba hatutamwambia mtu. Kwenye mtaa wetu siri ikimfikia jirani wa kwanza asubuhi, kabla ya chakula cha mchana iko soko la Magara inatembea pamoja na ndagala, dagaa wa ziwani.

Binti yangu alizaliwa salama. Siku ya nne mama mkwe akateremka kutoka Muhuta na kikapu kichwani. Ndani mlikuwa na unga wa ulezi, chupa ya mawese, na kijiko kidogo cha mbao kilicholisha watoto wake wanane na wajukuu kumi na mmoja. Alitusalimia, akamshukuru Mungu, akamtazama mtoto, akasema amekonda. Mtoto wa siku nne! Nusu saa haikuisha, uji ulikuwa umeshapoa kwenye bakuli, mtoto yuko mapajani mwake na kijiko kinashuka.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anameza mate. Nilimtazama aseme kitu. Akameza mengine.

"Kirazira!" nikapiga kelele.

Hilo ni neno la Kirundi, maana yake ni mwiko, na kwenye pwani yetu hii ya ziwa ukilitamka, hata mwenye njaa anaweka tonge chini. Kijiko kikasimama hewani.

"Iko kirazira gani?" akauliza. Kiswahili chake alikiokota Magara akinunua samaki, kwa hiyo kilikuwa na Kirundi ndani na Kikongomani juu.

"Ya kwetu, Mama. Mtoto wa kike wa binti wa ukoo wetu haingizi kitu kinywani ila titi, mpaka atimize miezi sita."

"Hata mayi?"

"Hata maji."

"Na ile siro niliona pale mu kikombe?"

Alikuwa ameiona dawa ya mtoto. Huyo mama alikuwa anaona kila kitu.

"Dawa inaruhusiwa."

"Bazee benu bale ba zamani walijua siro?"

"Walisema dawa, Mama. Hawakutaja ni ipi."

Akafikiri. Kijiko bado kiko hewani, uji unadondoka kwenye kanga.

"Na akipewa, inakuwa nini?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nilimtazama usoni nikitafuta jibu, na yeye alikuwa ameacha mdomo wazi akilingoja, meno yote yale yananitazama.

"Bibi yake mzaa baba anang'oka meno," nikasema. "Moja moja, kuanzia mbele."

Mdomo ukafungwa. Kijiko kikarudi kwenye bakuli. Mume wangu alikohoa, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea mgomba mabega yakimtikisika.

Nilijiona mwerevu kwa muda wa siku mbili hivi. Siku ya tatu niligundua kwamba nimejiajiria askari. Mama mkwe aliweka mkeka mlangoni, akakaa hapo na mtoto, na kila mgeni aliyekuja kutupongeza alipaswa kuonyesha viganja vyake vyote viwili. Mlezi wa kwaya alikuja na maji ya sukari, akayanywa mwenyewe. Jirani yetu, bibi mmoja Mwislamu ambaye amewapaka asali kwenye kaakaa watoto wote wa mtaa bila kujali dini zao, alifika na kichupa chake kama desturi.

"Bibi, nakuheshimu sana," mama mkwe akamwambia. "Lakini meno yangu, wewe ndiyo utanirudishia?"

Jirani alicheka mpaka akakaa chini, akaniachia mimi asali yote. Mchungaji naye alikuja kumbariki mtoto, kidole kikiwa na mafuta, na kidole kiliposogea karibu na mdomo mama mkwe alimdaka mkono.

"Pale juu, Mchungaji, mu paji la uso. Huku chini iko hatari."

Wiki tatu zikaisha. Nikamkumbusha kwa upole kwamba muhogo wake kule Muhuta unamezwa na magugu. Akasema muhogo hauna mwiko.

"Mimi mama yake nipo, nitamlinda," nikamwambia.

"Wewe haikuhusu. Meno si yako."

Akakaa. Alihamia chumbani kwetu kuwa karibu na mtoto, na mume wangu akahamia sebuleni kwenye godoro. Kila asubuhi alinitazama kwa macho ya mtu anayelipia uongo wa mwingine. Vidonge vyangu nilikuwa navimeza chooni.

Wiki ya sita walimchoma mtoto kisigino, damu yake ikadondoshewa kwenye karatasi na kupelekwa Bujumbura. Nyumbani nilisema tumekwenda chanjo. Majibu yaliporudi yalikuwa mazuri, nikacheza mbele ya muuguzi, nikamwambia mama mkwe nimefurahia kilo za mtoto.

"Bado," muuguzi alikuwa amenionya. "Tutapima tena akifika miezi tisa, na tena akishaacha kunyonya. Mpaka hapo, linda kinywa."

Kinywa kilikuwa kinalindwa kuliko benki. Tena mwiko ulianza kutembea. Mjamzito mmoja alinijia na kitambaa cha gauni, akaniuliza kama ukoo wetu na wa kwao hazikuoana zamani, kwa sababu mama mkwe wake ameanza kuogopa. Baada ya mwezi kulikuwa na nyumba tatu ambamo mtoto hapewi hata maji, na mabibi watatu waliokuwa wanajipapasa meno kila wakiamka. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mama aliyezunguka kwa miaka mingi na picha za rangi akiwafundisha watu jambo hilo hilo, alinikuta sokoni.

"Mimi natembea na picha mpaka viatu vinaisha, hakuna anayenisikia," akasema. "Ninyi mmetumia nini?"

Nilimwambia sijui. Niliona aibu, maana yule mama ni mtu mzuri.

Mwezi wa nne, mchana, tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma. Mama mkwe akaacha kutafuna. Akaweka hindi chini, akaingiza kidole mdomoni, akakitoa, akakiingiza tena.

"Linacheza," akasema.

Lilikuwa jino la mbele, la juu. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alimchukua mtoto, akakaa kwenye kiti, akatuamuru mimi na mume wangu tusimame mbele yake.

"Nani?"

Mimi nilitaka kucheka. Mwiko niliutunga mwenyewe, kwa hiyo nilijua kwamba jino la miaka sitini na kitu linaweza kucheza kwa sababu zake. Nilikuwa nafungua mdomo kulisingizia hindi. Ndipo mume wangu akaanza kulia.

"Ni mimi, Mama."

Mtoto alikuwa na kwikwi, akasema. Ilikuwa Alhamisi, mimi nimekwenda kununua nyuzi, Mama yuko nje anaanika muhogo, na kwikwi hazikatiki, na yeye hakuweza kuvumilia. Akampa maji ya sukari. Vijiko viwili. Na Jumamosi tena, kimoja.

Nilimrushia kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa furushi la sare za wanafunzi wake mwenyewe. Nilimtukana kwa Kiswahili cha kambini, ambacho kina matusi ambayo Rumonge hayajafika. Nilisema amemuua. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, mara mbili, kisha nikakaa sakafuni katikati ya sare, nikalia kwa namna ambayo sikulia hata siku niliyopimwa. Siku ile nilikuwa nalia kwa ajili yangu. Sasa nilikuwa naona vijiko vitatu vya maji, na damu kwenye karatasi, na miezi mingine mitano ya kungoja.

Mama mkwe alimpa mwanawe mtoto, akamwambia aende naye chumbani. Aliniacha nilie. Halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Mukazana, meno ni yangu. Mimi ndiyo ningelia. Wewe unalilia nini?"

Mukazana ndiyo mkaza mwana. Alikuwa haniiti hivyo ila mbele ya wageni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale pale sakafuni. Nikamwambia yote. Kipimo, vidonge vya chooni, karatasi ya Bujumbura, titi peke yake. Sikumtazama usoni. Nilikuwa nangoja nisikie kikapu chake kikishushwa ukutani aondoke.

"Mutoto wangu iko nayo?" akauliza. Alikuwa anamaanisha mume wangu.

"Hana, Mama."

"Na huyu mudogo?"

"Walipima mara moja, hana. Lakini sasa haya maji, sijui."

"Na ile kirazira?"

"Niliitunga."

"Yote?"

"Yote."

"Na meno?"

"Na meno, Mama. Unisamehe."

Akaingiza tena kidole mdomoni, akaligusa lile jino. Mungu anisamehe kama namsingizia, lakini naamini habari ya meno ndiyo iliyomuuma kuliko zote.

"Miezi ine!" akasema mwishoni. "Miezi ine silali vizuri! Nalala kidole mu kinywa!" Akavua kanga ya begani, akanipiga nayo mara moja, kofi la kanga lenye hasira ya kweli. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti, magoti yakimlia, akakaa sakafuni kando yangu.

"Ungeniambia siku ile nafika, ningetangaza," akasema. "Najijua. Ningemwambia mutu moja tu, na ule moja ungekuwa mwisho wetu. Ulifanya vizuri kunidanganya. Lakini usirudie."

Huko nje sauti zilikuwa zimeanza. Kelele zangu zilikuwa zimekusanya mtaa. Nilisikia mtu akiuliza ni nani ameuawa, na mwingine akijibu kwamba ni mtoto, na mwingine akisema amesikia neno "dawa" kwa masikio yake. Mama mkwe alijifunga kanga yake vizuri, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Nilichungulia kwenye upenyo.

Walikuwa watu kumi hivi, na yule bibi wa asali mbele.

"Mulisikia kelele?" mama mkwe akawauliza. "Ni haki yenu kusikia. Huyu mwanangu, mwalimu muzima, amepa mutoto mayi. Mayi tu! Na muone."

Jino lile lilikuwa linacheza kidogo sana. Lingeweza kukaa mwaka mwingine, pengine miwili. Alilishika kwa vidole viwili, akafumba macho, akalizungusha, akalivuta. Halikutoka mara ya kwanza. Mara ya pili likatoka na damu, na akaliinua juu watu wote walione. Mtaa mzima ulirudi nyuma hatua moja. Mabibi watatu walishika midomo yao.

"Kirazira ya bantu ba Kigoma haina mchezo," akasema, na sauti yake ilikuwa tayari inapuliza kwenye pengo. "Sasa muende nyumbani. Mukazana wangu analia kwa sababu ya meno yangu. Ananipenda."

Mpaka siku ile sikuwa nimempenda mama mkwe. Nilikuwa namheshimu na kumwogopa, na mara nyingi nilikuwa naomba arudi Muhuta. Alipoingia ndani ameziba mdomo na upindo wa kanga, nilimpenda kwa uchungu, nikamletea maji ya chumvi asukutue. Alisukutua, akatema, akaniuliza kioo kiko wapi. Nikamwambia kimevunjika. Akasema vizuri.

Kesho yake tulikwenda sante wote wanne. Muuguzi hakutugombeza wala hakutuahidi kitu. Alisema maji hayo yasirudiwe tena, titi liendelee, vidonge viendelee, na miezi tisa ikifika tupime. Mume wangu aliandika kila neno kwenye daftari la maandalio ya masomo. Kwa miezi miwili iliyobaki alikataa kukaa peke yake na mtoto, akidai hajiamini, na mama yake akamwambia ndiyo, asijiamini.

Siku binti yangu alipotimiza miezi sita, kijiko cha mbao kilishuka bila kipingamizi, naye akautema uji wote. Mwezi mmoja baadaye mama mkwe alirudi kwa muhogo wake. Kipimo cha miezi tisa kilikuja kizuri, nikamwambia kwa simu, na nikamsikia akiwaambia watu wa Muhuta kwamba mjukuu ameota meno.

Kisha mtoto akaacha kunyonya, ukafika wakati wa kipimo cha mwisho. Alikuwa na mwaka na nusu, anatembea, anauma watu. Siku ya majibu mama mkwe alifika asubuhi bila kuitwa, amevaa nguo ya kanisani. Mume wangu alikuwa darasani. Tuliingia wawili na mtoto, muuguzi akafunga mlango, akafungua bahasha, akasoma kwanza kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Mtoto ni mzima," akasema. "Hana. Tumemaliza naye. Nawapongeza."

Nilimkumbatia binti yangu mpaka akanisukuma. Nililia, nikacheka, nikamshukuru muuguzi, nikajifunga kanga ya kubebea tuondoke. Mama mkwe hakuinuka kwenye kiti.

"Bado mumoja," akasema.

"Bado nani, mama?" muuguzi akauliza.

"Mimi nimeleta batoto babili. Huyu mudogo mumesema ni muzima, Imana ishimwe." Alipokwisha kumshukuru Mungu hivyo, akanishika mkono. "Na huyu mukubwa, yeye iko namna gani?"

Tangu siku ya kwanza watu wema waliniuliza kama nimemeza vidonge, na kila mmoja alikuwa anauliza kwa ajili ya mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Muuguzi alinitazama kidogo, akavuta droo, akaitoa kadi yangu, akaipitia ukurasa kwa ukurasa huku mama mkwe akifuata kidole chake ingawa hajui kusoma.

"Dawa zinamfaa," akasema. "Virusi viko chini kabisa. Akiendelea hivi atazeeka."

"Azeeke kama mimi?"

"Kama wewe, mama."

"Murakoze," akamshukuru, na hapo ndipo alipoinuka.